Juu ya Sanamu: Neno kwa Walimu Wenzetu

Katika shule moja iliyo chini ya Mlima Meru, mwalimu aliwagawia watoto udongo wa mfinyanzi, akawaagiza kila mmoja afinyange ng'ombe. Watoto walianza kazi kwa furaha, maana mtoto wa kwetu hufinyanga ng'ombe wa matope malishoni kabla hajajua kusoma. Mmoja tu, mtoto wa Kiislamu, aliweka mikono juu ya magoti akanyamaza. Alipoulizwa, alijibu kwa adabu ya kwamba amefundishwa chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, kuwa si halali kufanya sanamu ya kitu chenye roho. Mwalimu yule akamsimamisha mbele ya wenzake, akamwambia ya kuwa dini yake ni adui wa kazi za mikono, akamwandikia sifuri. Wenzake wakacheka.

Jambo hilo lilipotufikia hatukuweza kulipita kimya, kwa maana sisi nasi tu walimu, tena tuliolelewa katika shule za misheni, na aibu ya mwenzetu ni aibu yetu. Siku si nyingi baadaye tukasikia neno la pili, mjini Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Kijana Mwislamu auzaye vinyago kwa watalii aliitwa mshirikina na mwenzake wa dini moja, ati kwa kuwa riziki yake yatoka katika mti uliochongwa sura ya mtu.

Maneno hayo mawili yaonekana kama maadui, walakini ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza lasema kwamba Uislamu juu ya sanamu hauna ila katazo moja lisilo na mlango. La pili lasema vivyo hivyo. Hili hulisema kwa dharau, na lile kwa ukali, lakini yote mawili yamezaliwa na kutojua. Sisi twataka kuyapinga yote mawili, na la mwalimu zaidi, kwa kuwa ndilo la nyumbani kwetu.

Kwanza na tuulize: katazo hili lina mzizi gani? Kurani yasimulia habari za Nabii Ibrahimu, aliyevunja masanamu ya watu wake akaliacha lililo kubwa, ili wajionee wenyewe kama laweza kusema nani aliyeyavunja. Mwaka 630, Mtume Muhammad alipoingia Makka, aliyaondoa masanamu yaliyoizunguka Kaaba, nayo husimuliwa kuwa yalikuwa 360. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim wafanyao sanamu huonywa kwa adhabu kali, kwamba siku ya mwisho wataambiwa wavipe uhai walivyovifanya, nao hawataweza. Basi sababu ni mbili. Ya kwanza ni hofu ya kwamba mtu atakiinamia kile alichokifanya kwa mikono yake. Ya pili ni heshima ya Mwumba, kwamba kiumbe asijifananishe na yeye atiaye roho.

Je, sisi wa misheni twaweza kuyacheka hayo? Sisi ambao tulizikariri Amri Kumi kabla ya hesabu ya kuzidisha? Kitabu cha Kutoka, mlango wa 20, chakataza sanamu ya kuchonga, ya vilivyo mbinguni na vilivyo duniani. Nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe alivunjwa vipande vipande na mfalme Hezekia, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kanisa la Mashariki lilipigana ndani yake juu ya picha takatifu zaidi ya miaka mia, hata zikarudishwa mwaka 843. Na mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipotaka kuondoa sanamu za kanisani kwa fujo, Luther alirudi akawahubiria siku nane, akawaonya kwamba moyo ndio wa kusafishwa kwanza, wala si ukuta. Basi swali hili ni letu pia. Mtoto yule aliyeweka mikono magotini alikuwa akishika neno ambalo babu zetu katika imani walilitolea jasho na damu.

Tena, je, ni kweli kwamba Waislamu wana neno moja tu juu ya jambo hili? Sivyo. Kurani hiyohiyo yataja bila lawama kwamba majini walimfanyia Nabii Sulemani sanamu kama alivyotaka. Yasimulia pia kwamba Nabii Isa alifinyanga ndege wa udongo, akawa hai kwa idhini ya Mungu. Hadithi zaeleza kwamba Bibi Aisha alikuwa na vitoto vya kuchezea, na katika hivyo farasi mwenye mbawa, na Mtume alipomwona alicheka. Zaeleza tena kwamba alitundika pazia lenye picha, Mtume akachukizwa nalo. Lakini lilipokatwa likafanywa mito ya kuegemea, aliitumia mito ile. Picha ni ileile, kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali na heshima iliyopewa.

Na habari iliyo kubwa kuliko zote kwa mambo yetu ni ya Ibn Abbas, binamu wa Mtume. Alijiwa na mtu aliyesema kwamba riziki yake ni kufanya sanamu kwa mikono yake. Ibn Abbas alimsomea onyo lile, na yule mtu akaingiwa na hofu nyingi. Lakini hakumwacha katika hofu wala hakumfukuza. Alimwambia kwamba kama hana budi kufanya kazi hiyo, basi afanye miti na kila kitu kisicho na roho. Tazameni, walimu wenzetu! Katika karne ya kwanza ya Uislamu, mwalimu alikutana na fundi mwenye shida, akampa kazi nyingine ya mkono uleule. Mwalimu wetu wa chini ya Meru alikutana na mtoto mwenye shida, akampa sifuri.

Wanazuoni waliofuata hawakusema kwa kinywa kimoja. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu na wa mijini kwetu, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alifundisha kwamba kufanya sura ya chenye roho ni haramu, iwe na kivuli au isiwe nacho. Lakini kukiweka chombo chenye sura hiyo mahali pa kudharauliwa, kama mkeka ukanyagwao au mto ulaliwao, si haramu. Katika madhehebu ya Malik wengi hutofautisha sanamu yenye kivuli, iliyo kamili kwa viungo vyake, na picha ya juu ya kitambaa au karatasi, ambayo huichukia tu. Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1899 hata kufa kwake mwaka 1905, alisema kwamba hofu ya kuabudu ikiisha kuondoka, picha na sanamu zaweza kuhifadhi elimu kama mashairi yanavyohifadhi. Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya halali na haramu, aliyakataza masanamu, akavihalalisha vitoto vya kuchezea, wala hakuikataza picha ya kamera ila kwa kile kilichopigwa.

Hatusemi haya ili kulipunguza katazo. Walio wengi katika wanazuoni ni wakali juu ya sanamu yenye kivuli, na ni haki tuseme hivyo wazi. Twasema tu kwamba nyumba hii ina vyumba vingi, na asimamaye nje ya mlango asijifanye kuijua yote.

Wako wajibuo hivi: "Mbona Waislamu hubeba noti ya shilingi elfu yenye sura ya Mwalimu Nyerere? Mbona hupigwa picha za hati za kusafiria? Huo ni unafiki." Huo si unafiki, bali ni fikihi. Kwao kufanya ni jambo moja, na kuweka ni jambo jingine. Cha bapa si sawa na chenye kivuli. Na haja ya lazima ina hukumu yake. Mwaka 1896 stempu za Unguja zilichapwa sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, naye alikuwa mtawala Mwislamu katika nchi ya Waislamu. Mtu aweza kukubali stempu akakataa sanamu, wala asijipinge.

Na lile neno la kwamba dini hii ni adui wa kazi za mikono, alisemaye na ashuke pwani. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yako maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe mwaka 500 wa Hijra, maana yake 1107 wa kwetu. Na atazame milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe: maua, majani, minyororo, na aya za Kurani, zimechongwa kwa patasi katika mbao ngumu. Mikono iliyozuiliwa kuchonga uso wa mtu ilijifunza kuchonga jani hata mtu akasimama njiani kulitazama. Huo ndio uadui wa kazi za mikono? Laiti watoto wetu wangekuwa maadui wa namna hiyo!

Sasa twarudi Arusha, kwa kijana wa vinyago. Uchongaji wa mpingo unaojulikana sana kwetu asili yake ni Wamakonde, watu wa pande zote mbili za Mto Ruvuma. Upande wa Msumbiji wengi wao ni Wakristo. Upande wetu wengi ni Waislamu. Wapitao madukani mwa Arusha wameiona kazi hiyo: mti mmoja uliochongwa watu wengi wabebanao, ambao huitwa Ujamaa, na yale maumbo ya ajabu yaitwayo Shetani. Mpingo ni mgumu na mzito, na mchongaji hula kwa jasho lake.

Je, kazi hii ni halali kwa Mwislamu? Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi wa fikihi, na atakaye jibu na amwendee sheikh wake. Yamkini sheikh atamwambia aache, kisha amwonyeshe, kama Ibn Abbas, kwamba mpingo huohuo hutoa bakuli, kijiko, fimbo, na sanduku lenye nakshi. Lakini kumwita mshirikina ni neno jingine kabisa. Ushirikina ni kuabudu, na kijana yule hakiabudu kinyago, akiuza. Kosa la kazi si kosa la ibada, na asiyeweza kuyatenga hayo asijifanye kadhi wa barabarani. Mwezi wa Machi 2001 watawala wa Afghanistan walizivunja kwa baruti sanamu kubwa za Bamiyan, na katika siku hizo wanazuoni wa nchi za Kiislamu, Qaradawi akiwa mmoja wao, walisafiri mpaka Kandahar kuwasihi. Yule aliyekataza masanamu katika kitabu chake ndiye aliyefunga safari kuwasihi watu juu ya sanamu za wengine. Mjuzi wa sheria hujua pia mpaka wake.

Basi twataka nini kwa walimu wenzetu? Twataka mambo matatu, wala hayahitaji fedha.

Kwanza, mtoto asilazimishwe kufanya sura ya chenye roho ikiwa dhamiri yake yamkataza. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani, na mtoto akaaye darasani ni mtu.

Pili, apewe kazi nyingine iliyo sawa kwa ugumu, wala asipewe kazi ya kumpumbaza. Atakayesema kwamba somo litaharibika, na atuambie somo lataka nini. Je, si kwamba vidole vijifunze kupima, kukandamiza, kulainisha, na kusawazisha? Chungu chafundisha yote hayo. Chungu kina tumbo, kina shingo, kina mdomo, wala hakina roho. Afinyangaye chungu kisichovuja amefanya kazi kubwa kuliko afinyangaye ng'ombe asiyeweza kusimama.

Tatu, mwalimu asikichekeshe darasa kwa imani ya mtoto. Hili ndilo zito. Sifuri hufutwa mwisho wa mwaka, lakini kicheko cha wenzake mtoto huenda nacho nyumbani, akakaa nacho hata uzee. Na sisi tuijuao historia ya mlima huu, ambapo shule ililetwa na dini, na wazazi wengi wakaogopa kuwatoa watoto wao, tungepaswa kuwa wa mwisho kumpa mzazi wa Kiislamu sababu ya kusema, "Nilijua, shule ni mtego."

Tulimwendea yule mwalimu, maana yeye ni rafiki yetu, na haya tumeyasema mbele yake kabla ya kuyaandika. Mwanzo alikasirika. Kisha alituuliza, "Sasa nimpe nini achore?" Tukamwomba afungue dirisha. Ilikuwa asubuhi, mawingu yameondoka, na Meru ulisimama wote, mita zaidi ya 4,500, migomba chini yake na mawe matupu juu. Hapana Mwislamu akatazwaye kuuchora, wala hapana Mkristo aliyeumaliza. Juma lililofuata mtoto yule aliuchora, naye mwalimu alimwita mbele ya wenzake kwa mara ya pili, akamwomba radhi, akaifuta ile sifuri.

Walimu wenzetu walio na mashaka na haya, na watuandikie. Lakini kabla hawajashika kalamu, na wakumbuke ni nani katika darasa lao huweka mikono magotini, na kama wamekwisha kumwuliza kwa nini.