Shujaa ni Nani?

Wapo wahakiki washikiliao kwamba katika Antigone ya Sophocles shujaa ni Mfalme Creon, kwani kwa kipimo cha Aristotle ndiye akoseaye, akaanguka, akajuta. Na wafike Mara. Msimu wa ukeketaji uwadiapo, Desemba, binti wa Tarime au Serengeti hutoroka usiku, akauacha ukoo wake, akakimbilia hifadhi ya Masanga au Mugumu. Sheria ya 1998 yamkinga aliye chini ya miaka 18. Antigone alikatazwa na amri ya mfalme. Hata hivyo wote wawili huijua gharama kabla ya kutenda. Baba ajutaye baadaye ahurumiwe, lakini asivikwe taji. Majuto ni mjukuu, ushujaa hutangulia.