Haki Yake Mpeni

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Leo namsemea mnyonge mmoja asiye na mtetezi vyuoni, naye ni mtunzi wa programu huria za utafiti, zile ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu huzitumia bila kulipa senti.

Itazameni desturi yetu tuandikapo tasnifu. Mwandishi wa kitabu tulichokigusa kwa sentensi moja tunamtaja jina, mwaka na ukurasa. Lakini programu iliyokokotoa majedwali yote na kuchora grafu zote tunaipita kwa maneno matatu: data zilichambuliwa kompyutani. Hivi sufuria hupika yenyewe? Mpishi yuko wapi?

Chukueni mfano wa R, programu ya kuchambua takwimu. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 wakaiachia huria, watu waitumie, waichungue na waibadilishe. Mwanafunzi asiye na fedha za leseni ameokolewa nayo. Wanaoitunza wanaomba jambo moja tu, kwamba ukichambua data kwayo, uirejelee. Wamekurahisishia hata hilo: andika citation() ndani yake, nayo itakupa maneno ya kunakili kwenye marejeo. Dakika moja haipiti.

Atatokea mtu aseme, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walitoa kwa hiari yao, sifa za nini? Namjibu kuwa siwaombei sifa, nawaombea hesabu. Chuoni mtu hupanda cheo kwa maandishi yake na kwa idadi ya wanaoyarejelea. Aliyekesha akirekebisha msimbo unaotegemewa na maelfu, asipotajwa, mbele ya kamati ya vyeo huonekana alikuwa amelala. Mwishowe huiacha kazi hiyo, na hasara inaturudia sisi tuliokuwa tukila bure. Njia mojawapo ya kuhesabiwa ni makala: John Hunter, aliyeunda Matplotlib, programu ya kuchora grafu, aliandika makala kuihusu mwaka 2007, na hadi leo watumiaji huombwa kuirejelea makala hiyo. Hunter alifariki mwaka 2012. Chombo chake bado kinachora.

Tena kutaja si shukrani tu, ni sharti la ukweli. Katika R, mtafiti anayechagua sampuli kwa bahati nasibu huweka namba ya kuanzia, ili mwingine akiirudia kazi apate sampuli ile ile. Toleo la 3.6.0, lililotoka mwaka 2019, lilibadilisha njia ya kuchagua. Namba ni ile ile, data ni zile zile, lakini sampuli ya toleo la kale si ya toleo jipya. Basi aliyeandika "nilitumia R" bila kutaja toleo amemwonyesha mwenzake njia akamficha njia panda.

Kwa hiyo nawausia. Wanafunzi, tajeni jina la programu, watunzi wake, toleo lake na mahali inapopatikana, na muiweke kwenye orodha ya marejeo pamoja na vitabu. Msisahau vifurushi vya ziada mlivyovitumia, maana navyo vina wenyewe. Wasimamizi, msipitishe sura ya mbinu isiyotaja zana. Wahariri wa majarida, liandikeni sharti hilo katika miongozo yenu. Nanyi mnaotunga programu, msiwaachie watu kubahatisha: wekeni faili la CITATION.cff lenye majina yenu, na kila toleo mlihifadhi Zenodo, ghala la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2013 na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mpate bila malipo namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha kurejelea.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha wala mfadhili. Yanahitaji mistari michache na moyo wa uadilifu. Tumekula tukashiba, tusisimame mbele za watu tukasema sufuria ndiyo iliyopika.