Seva ya Kawaida Inatutosha

Wanaotaka chuo kinunue seva maalumu ya kurushia video za lekcha wana nia njema, ila mimi napinga. Seva hiyo ina kazi yake: kipindi cha moja kwa moja, ambapo swali lako lazima limfikie mhadhiri papo hapo. Sisi je? Wengi tunatazama usiku, lekcha ikiwa imesharekodiwa.

Kwa hizo, seva ya kawaida ya tovuti inatosha. Tangu 2009 upo mfumo wa HLS wa Apple: video inakatwa vipande vya sekunde chache, kwa ubora tofauti, na simu inachagua kipande kinachoendana na kasi ya mtandao.

Tupige hesabu. Saa moja ya video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450. Sauti tupu ya kilobiti 64 haifiki hata MB 30. Nikiwa kijijini kwenye mazoezi ya kufundisha, bando lilikata dakika ya 12 ya lekcha. Seva ya mamilioni isingenisaidia. Faili la sauti lingenifikisha mwisho.

Viongozi wetu, kabla ya kuunga mkono ununuzi huo, dai kwanza kila lekcha iwe na toleo jepesi. Bando ni letu, siyo la chuo.