Yussuf Poulsen hakutusaliti

Taifa Stars ikifungwa, haichukui muda kabla mtu hajalitaja jina la Yussuf Poulsen. Vijiweni, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp hoja ni ile ile: baba yake mtu wa Tanga, damu yake ni yetu, lakini akaenda kuichezea Denmark. Hapo ndipo inapotolewa methali ya mkataa kwao mtumwa, na mjadala unafungwa kama vile hukumu imeshasomwa. Kwa jirani zetu Wakenya jina ni Divock Origi, na maneno hayapishani sana.

Imani hii imezoeleka mno, hadi wachambuzi ninaowaheshimu wanairudia bila kuihoji. Wanaamini kwamba kijana mwenye asili mbili anapochagua timu ya taifa anaonyesha moyo wake uko wapi, na kwamba akichagua Ulaya ametuibia kitu kilichokuwa chetu. Naipinga imani hii, kwa sababu inamtwika kijana wa miaka 18 lawama zisizo zake na kuwaacha salama watu wazima wenye ofisi na mihuri, ambao ndio wenye maswali ya kujibu.

Tumtazame huyo Poulsen. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1994, mama raia wa Denmark, baba Mtanzania. Baba alifariki kwa saratani mtoto akiwa na miaka sita tu. Kuanzia hapo alilelewa na mama yake, katika mji wa mama yake, kwa lugha ya mama yake. Mpira alifundishwa na klabu ya mtaani ya BK Skjold, kisha Lyngby, na mwaka 2013 akaenda RB Leipzig wakati timu hiyo ingali daraja la tatu Ujerumani. Katika safari yote hiyo mtu anionyeshe mahali ambapo Tanzania iliweka mkono wake. Hatukumpa kocha wala uwanja. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na mwana huyu alilelewa na wengine tangu mwanzo hadi mwisho.

Halafu ikaja Juni 16, 2018, mjini Saransk, Urusi. Denmark iliifunga Peru 1-0 katika Kombe la Dunia na mfungaji alikuwa Poulsen. Mgongoni mwa jezi yake namba 20 hapakuandikwa Poulsen. Paliandikwa Yurary, jina la baba yake. Tanzania haijawahi kucheza fainali za Kombe la Dunia hata mara moja, lakini siku ile jina la marehemu mtu wa Tanga lilisomwa na dunia nzima, kwa sababu mwanawe aliamua kulibeba mahali pa juu kabisa alipoweza kufika. Huyu ndiye tunayemwita mkataa kwao.

Origi naye alizaliwa Ostend, Ubelgiji, mwaka 1995, kwa sababu baba yake, Mike Okoth, alikuwa huko akitafuta riziki kwa mpira. Okoth aliichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Ndugu yake, Austin Oduor, ndiye nahodha aliyeiongoza Gor Mahia kutwaa Kombe la Mandela mwaka 1987, taji la Afrika ambalo Wakenya wanalisimulia hadi leo. Divock akakuzwa na Genk, na akiwa na miaka 19 akaifungia Ubelgiji bao la ushindi dhidi ya Urusi pale Maracanã. Kiswahili anakizungumza. Ukoo huo una deni gani tena kwa Kenya, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa na kufundishwa Ubelgiji alipwe matusi kwa kuichezea Ubelgiji?

Wanaosema damu ndiyo huamua wanitatulie habari ya ndugu wawili, Iñaki na Nico Williams. Baba mmoja, mama mmoja, Waghana waliovuka jangwa la Sahara ili wafike Hispania. Iñaki anaichezea Ghana. Nico anaichezea Hispania na aliifungia bao katika fainali ya Euro 2024. Damu ni moja na meza waliyolia chakula ni moja. Nani kati yao hawapendi wazazi wake? Swali lenyewe ni la fedheha, lakini ndilo tunalomuuliza Poulsen kila tunapofungwa.

Tena tunaposema amechagua, tunazungumza kama vile uamuzi ulifanywa na mtu mzima aliyekaa akatafakari akiwa na karatasi zote mbele yake. Mara nyingi anayeamua yuko shule bado. Wakala anatazama thamani sokoni. Kocha wa klabu hataki mchezaji anayeondoka katikati ya msimu kwenda AFCON. Bibi anapiga simu kutoka nyumbani. Shirikisho la Ulaya linamwita kwa barua rasmi yenye tarehe, tiketi na jina la hoteli, na mara nyingi shirikisho la Afrika lina ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu anayesema anamjua mtu.

Munir El Haddadi aliyapata haya mwilini. Alizaliwa Hispania kwa asili ya Morocco, na Septemba 2014, akiwa na miaka 19, aliingia kama mchezaji wa akiba katika mechi ya kimashindano ya Hispania dhidi ya Macedonia na kucheza dakika zisizofika 20. Kwa kanuni za wakati ule dakika hizo zilimfunga. Hispania haikumwita tena kuichezea timu ya wakubwa, Morocco ikamtaka, akapeleka shauri hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo akashindwa, na Kombe la Dunia la 2018 likampita. Mlango ulianza kufunguka Septemba 2020, FIFA ilipolegeza kanuni: mchezaji ambaye hakucheza zaidi ya mechi tatu za timu ya wakubwa kabla ya kutimiza miaka 21, wala hakucheza fainali za Kombe la Dunia au za bara, anaweza kuhama baada ya miaka mitatu. FIFA yenyewe imekubali kwamba uamuzi wa kijana mdogo haupaswi kuwa kifungo cha maisha. Sisi huku vijiweni bado tunautolea hukumu ya milele.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mdomo unaomwita msaliti anayekataa ndio ule ule unaomdhalilisha anayekubali. Akija, tunasema amekuja kwa sababu Ulaya wamemkataa. Tunamwita mtalii. Tunahesabu maneno ya Kiswahili anayoyajua, na wimbo wa taifa ukipigwa tunamchungulia midomo.

Saido Berahino alizaliwa Bujumbura. Baba yake aliuawa wakati wa vita, na yeye akafika Uingereza akiwa mtoto wa miaka 10, mkimbizi. Akazichezea timu za vijana za Uingereza, na Novemba 2014 akaitwa kikosi cha wakubwa lakini hakuingizwa uwanjani. Mwaka 2018 akavaa jezi ya Burundi, na mwaka uliofuata akawa nahodha wa Burundi katika AFCON yake ya kwanza kabisa, kule Misri. Kama alikuja kwa sababu Uingereza haikumtumia, ubaya uko wapi? Nchi iliyomzaa ilimkimbiza akiwa mtoto, na akarudi mtu mzima kuitumikia. Gaël Bigirimana alipita njia inayofanana, kutoka Bujumbura hadi Coventry, Newcastle na kikosi cha vijana cha Uingereza, kisha timu ya Burundi. Mashabiki wa Yanga wanamjua, maana mwaka 2022 alikuja kucheza Jangwani.

Na sisi wenyewe tumeshaonja faida yake. Katika AFCON ya Morocco, tulipofika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu, bao letu dhidi ya Nigeria lilifungwa na Charles M'Mombwa, aliyekulia Australia. Haji Mnoga, aliyezaliwa Portsmouth, alikuwemo kikosini. Bao lililotutoa mashindanoni Januari 2026 lilifungwa na Brahim Díaz, mzaliwa wa Málaga, ambaye mwaka 2021 aliichezea Hispania kabla Morocco haijamfuata na kumshawishi.

Najua jibu ninalopewa nikiitaja Morocco: wale wana uzalendo, wa kwetu hawana. Ni kweli kwamba kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 kilikuwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi. Ni kweli kwamba Achraf Hakimi, mtoto wa Madrid, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoitoa Hispania, akaipiga kwa utulivu katikati ya goli. Lakini mtazameni Hakim Ziyech. Alizaliwa Dronten, Uholanzi, akaichagua Morocco wakati Waholanzi wakimshangaa hadharani. Mapema mwaka 2022 alitangaza hataichezea tena Morocco kwa sababu ya ugomvi na kocha Vahid Halilhodžić. Agosti shirikisho likamwondoa kocha, likamweka Walid Regragui, naye mzaliwa wa Ufaransa, na Ziyech akarudi mwezi uliofuata. Damu yake haikubadilika katika miezi ile michache. Kilichobadilika ni jinsi alivyotendewa.

Morocco iliwatafuta watoto hawa mapema, ikazungumza na wazazi wao sebuleni kwao, na ikajenga kituo cha Maâmora ambacho kijana aliyetoka akademia ya Ajax au Real Madrid akiingia haoni ameshuka. Ndiyo maana wengi wanakubali. Wanaokataa, kama Lamine Yamal aliyeichagua Hispania, wanakataa baada ya kuombwa vizuri, na huo ni uhuru wao.

Sisi tunamwomba nani, na kwa mkono upi? Hapa ndipo hasira ya mashabiki inapopaswa kuelekezwa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi Mtanzania kuwa raia wa kurithi, lakini akishakuwa mtu mzima inamtaka aukane uraia mwingine, la sivyo anaupoteza wa kwetu. Uraia pacha kwa mtu mzima haupo. Kijana wa Leicester mwenye mama Mwingereza, shule Uingereza na mkataba wa kazi Uingereza anaambiwa aikane pasi inayompa mkate wake ili astahili kuitwa mwenzetu. Ni wangapi kati ya wanaomlaumu wangekubali?

Wakati huo huo, Januari 2025, Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania: Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Bada kutoka Ivory Coast na Muhamed Damaro Camara kutoka Guinea. Sina neno baya kwa vijana hao. Waliomba, wakapewa, na mtu anayeomba kuwa Mtanzania ni wa kupokewa kwa heshima. Ninachouliza ni kwa nini nchi inayoweza kumfungulia mlango mchezaji asiye na babu hata mmoja hapa inashindwa kuacha mlango wazi kwa mjukuu wa Tanga au wa Kigoma.

Serikali imekuja na hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania. Inaweza kumsaidia mtu kuingia nchini, kukaa na kuwekeza, na kwa hilo ni hatua. Lakini hadhi maalumu si uraia, na FIFA inataka uraia. Mwenye hadhi maalumu atakaa jukwaani Uwanja wa Benjamin Mkapa akishangilia. Kuvaa jezi hawezi. Kenya ilishalimaliza jambo hili katika Katiba ya 2010. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu uraia pacha. Mwaka 2027 tutaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na katika nchi hizo tatu ni sisi tu tunaomtaka kijana akane nusu ya maisha yake kwanza.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, kwamba wageni hawa watawabania nafasi vijana wa Ligi Kuu. Nafasi ya timu ya taifa ishindaniwe kambini, na anayezidiwa akae benchi, awe ametoka Mbagala au Manchester. Kijana wa hapa aliyefundishwa vizuri hana cha kuogopa, na aliyefundishwa vibaya hatanufaika kwa kufungiwa wenzake nje.

Mahali pa kuanzia ni pale walipoanzia Wamorocco, kwa mzazi, mtoto akiwa na miaka 14 au 15. Aitwe na wenzake wa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, wakati wa likizo, aone nchi, ale kwa shangazi yake, ajue majina ya wenzake. Kanuni za FIFA zinaruhusu kijana kuichezea nchi moja katika timu za vijana na nyingine katika timu ya wakubwa, kwa hiyo hakuna anayempoteza kwa kumkaribisha mapema. Akija kukataa baadaye, aagwe kwa heshima na bao lake lishangiliwe Tanga. Lakini mtoto huyo akitimiza miaka 18 sheria ikiwa bado hivi ilivyo, nchi ya baba yake itamtaka aukane uraia wa nchi aliyozaliwa. Denmark, Sweden na Uingereza, zote zinaruhusu uraia pacha, na hazitamtaka akane chochote.