BARIDI YETU HAINA THELUJI, LAKINI INAUMA



Wako wakubwa wanaosema kwamba fundi wa reli katika Afrika hana haki ya kudai koti. Theluji, wanasema, iko juu kileleni Kirinyaga, na hakuna fundi aliyetumwa huko kutengeneza behewa. Maneno hayo husemwa ndani ya ofisi yenye madirisha ya kioo na chupa ya chai mezani. Na wayalete yadini mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, katika njia hii ya Karatina, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki, wakati ukungu umeshuka, manyunyu hayakatiki, na kipima joto hakifiki digrii 10.

Chuma hunyonya joto la mkono upesi kuliko mti. Ukishika spana iliyolala nje usiku kucha, damu huondoka vidoleni, navyo hufa ganzi, hata hujui kama nati imekaza au imekwenda kombo. Spana ikiteleza, ngozi hubaki juu ya boliti. Hilo ni dogo. Treni ya abiria iliporudi Nanyuki mwaka 2020 tulishangilia sote. Basi breki ikifungwa na vidole visivyosikia, ni nani atakayejua kwanza, kule kwenye mteremko wa kushukia Sagana? Jeki nayo huzama katika kokoto zilizolowa, na aliye chini ya behewa ni mtu, si gunia.

Tena maji baridi hayangoji barafu. Katika vita vya 1914-1918 askari wengi waliharibikiwa miguu kwa kusimama katika mahandaki yenye maji, hata siku ambazo hapakuwa na barafu.

Sisi tuliomba turubai moja tu. Tukajibiwa tuvae sweta zetu za nyumbani! Sweta ikilowa huwa mzigo, na uzi wake hunaswa na mashine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, humtaka mwajiri atoe nguo za kujikinga kwa watu wanaofanya kazi ya kulowa, pamoja na glavu na viatu inapolazimu. Je, manyunyu si maji? (Lakini glavu nene kama mto wa kulalia hazifai, maana haziwezi kushika pini. Tunataka za namna mbili.)

Wala jambo hili si la reli peke yake. Kwetu Kangari, mafundi wa malori ya majani chai hulala chali matopeni, gunia likiwa ndilo godoro.

Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo inataka iwepo kamati ya usalama, na sisi tuna viti humo. Katika mkutano wa tawi tusiwachague makarani watupu. Tuwachague wale wanaoingia chini ya mabehewa, nao wapeleke madai haya: banda, makoti ya mvua, glavu, viatu, na chai ya moto alfajiri.

Fundi wa Yadi