Uma wa Baiskeli ya Mtumba



Makambako ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana pale na ile iendayo Njombe na Songea. Mahali kama hapo biashara haikosi, na miongoni mwa mitumba itokayo Ulaya huwamo baiskeli nyepesi za mashindano, ambazo vijana wetu huzitamani. Nyingi katika hizo zina uma wa mbele, yaani ile miguu miwili ishikayo gurudumu, uliofanywa kwa kaboni wala si kwa chuma. Mwezi huu twataka kusema juu ya uma huo, kwani njia ya Njombe ina vilima, na uma ukikatika mteremkoni mpandaji hana la kufanya.

Kwanza ijulikane tabia ya kitu chenyewe. Kaboni hii ni nyuzi nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Ni nyepesi na ina nguvu. Lakini chuma kikipata pigo aghalabu hupinda, na kupinda kwake ni onyo. Kaboni haipindi, yaweza kuficha jeraha lake ndani, kisha ikavunjika ghafula. Na hata madini yaweza kuficha. Mwezi wa Aprili 2006, katika mashindano ya Paris–Roubaix huko Ufaransa, George Hincapie wa Marekani alivunjikiwa na shina la uma wake, lililokuwa la alumini, akaanguka na kuumia bega. Mapema siku ile ile alikuwa amekwisha kuanguka.

Basi anunuaye na afanye haya. Uma ufunguliwe wote kutoka katika fremu, usafishwe kwa maji na sabuni, ukaushwe, utazamwe juani. Patazamwe zaidi pale miguu inapoungana, pale ekseli inapokaa, penye breki, na shina lipandalo ndani ya fremu mpaka kwenye usukani. Huko ndiko ufa hujificha. Pitisha ukucha: mkwaruzo wa rangi ni wa juu tu, bali ufa hushika ukucha. Pitisha kitambaa cha pamba: kikinasa, huenda nyuzi zimekatika. Bonyeza kwa kidole gumba: pakibonyea, uache. Gonga taratibu kwa sarafu: mlio mzito mahali pamoja, na mkali mahali pale pale katika mguu wa pili, ni dalili mbaya. Rangi mpya nayo iulizwe inafunika nini.

Hata hivyo macho na masikio hayaoni yote yaliyo ndani. Kwa hiyo nusu ya uchunguzi ni ulimi wa muuzaji: je, baiskeli hii imepata kuanguka au kugongwa? Hapa ndipo dini inapoingia sokoni. Mtume wetu (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini mna unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuficha majimaji yale yasionekane na watu. Nafaka mbichi humtia mtu hasara. Uma uliopasuka waweza kumtoa roho. Anayejua aibu ya bidhaa yake akanyamaza amedanganya, hata kama hakusema neno la uongo. Na sheria yetu yampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu alichouziwa na aibu asiyoijua.

Ikiwa muuzaji hajui historia ya baiskeli, na mara nyingi mwenye mitumba hajui kweli, basi ushauri wetu ni mmoja: mwambieni fundi atie uma wa chuma wenye vipimo vile vile. Utaongeza uzito kama nusu kilo, na bei yake itolewe katika bei ya baiskeli. Na ule wa zamani ukiwa na ufa usiuzwe tena. Ukatwe vipande viwili, asije akauokota mtoto wa mwenzako.

Wabillahi taufiq.