Samoni wa Wayup'ik: barua ya wazi kwa Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki Kaskazini



Mwaka 2021 watu wa Mto Yukon, Alaska, walikatazwa kuvua samoni wa aina ya chinook na chum, hata wa kitoweo cha nyumbani. Mwaka huohuo, meli zinazokokota nyavu za kuvulia samaki aina ya pollock katika Bahari ya Bering zilinasa zaidi ya chum 500,000 bila kuwakusudia. Meli ziliendelea na kazi. Familia za Wayup'ik, wenyeji wa asili wa magharibi mwa Alaska, zilianika nyavu zao.

Mmekwisha kueleza kwamba wengi wa chum hao walitoka vituo vya kuzalishia samaki vya Asia, na kwamba bahari imepata joto. Ni kweli. Lakini kama sehemu moja ya kumi walikuwa wa mito ya magharibi mwa Alaska, na mto uliopungukiwa hivyo unamhitaji kila samaki anayerudi kutaga. Joto hamliwezi. Nyavu mnaziweza.

Kiangazi familia huhamia kambi za uvuvi kando ya mto. Huko bibi humwonyesha mjukuu namna ya kumpasua samoni kwa uluaq, kisu chenye makali ya mviringo, minofu ibaki imeshikana mkiani ili ining'inie vizuri kwenye chanja. Upepo huikausha kwanza, kisha huingizwa kibandani ikapate moshi polepole. Hiyo ndiyo akiba ya majira ya baridi. Samaki wa kwanza wa mtoto hupewa wazee. Elimu hii haina daftari; pasipo samaki, hakuna somo. Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa chinook wa Yukon kwa miaka 7. Aliyekuwa na miaka 6 huenda akafika 13 hajawahi kumpasua hata mmoja.

Na watu hawa wamekwisha kulipa. Mwaka 2012 wavuvi Wayup'ik wa Mto Kuskokwim, ulio jirani na Yukon, walitega nyavu licha ya marufuku ya kuvua chinook, wakafikishwa mahakamani mjini Bethel.

Kwa hiyo kikomo cha chum wanaonaswa na meli za pollock kiwe kikali: kikifikiwa, meli zisimame. Tena, kati ya viti vyenu 11 vya kura, sheria haijatenga hata kimoja kwa makabila ya asili, ilhali baraza jirani, lenye majimbo ya Washington, Oregon, California na Idaho, linacho. Kubadilisha sheria ni kazi ya Bunge la Marekani. Liandikieni rasmi, mseme mnakitaka kiti hicho, na barua hiyo itangulie kikao chenu kijacho cha kupanga viwango vya pollock.